Ombi Lolote Lipitie kwa Mkuu

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani na kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza, kwamba wananchi wa Songea wameponywa foleni. Bwana Hironimus, Mkuu wa Kituo cha Vibali vya Shughuli za Jamii, alipanda juu ya meza ya mapokezi, maana jukwaa lilikuwa bado halijapata kibali. Akasema kwamba kuanzia mwezi wa nane hakuna harusi, ngoma, kipaimara, maulidi wala mnada wa kuku utakaofanyika bila kibali kilichotoka kwenye mfumo wa kompyuta. Foleni haijafutwa, alifafanua. Imehamishiwa ndani ya mfumo, ambako haitamchafulia mtu kiatu.

"Na kibali cha kwanza kutoka," akaongeza akiinua kidole, "kitakuwa cha harusi ya binti yangu mwenyewe, Dorine. Tutakibandika ukutani, pale ukumbini, mgeni rasmi kutoka mkoani akione kwa macho yake. Sherehe yoyote itakayokosa kibali, Beda na mgambo wake wataifunga, bila kujali sura, ukoo wala cheo!"

Watu wakapiga makofi. Beda, kamanda wa mgambo wa kituo, mtu asiyejua utani tangu abatizwe, aliirudia ile sentensi ya mwisho kimoyomoyo isije ikampotea. Mfumo wenyewe ulikuwa haujatengenezwa. Lakini hilo lilikuwa suala la utekelezaji, na masuala ya utekelezaji hayamhusu mtoa hotuba.

Yalimhusu Nasrin. Nasrin alikuwa afisa TEHAMA wa mkataba, binti wa wakulima wa korosho wa Tunduru, mwenye mdomo usio na breki na mkataba unaokwisha mwisho wa mwaka. Asubuhi iliyofuata alifungua laptopu yake, akaandika amri moja, akashusha kutoka mtandaoni fremuweki ya PHP, yaani kiunzi ambacho watu wa kompyuta hujengea mifumo, na kabla chai ya saa nne haijaletwa akamwita Mkuu aje aone. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili tu: Hujambo, dunia.

"Ndiyo nini hii?" aliuliza Hironimus.

"Mfumo, Mkuu. Mifupa yake. Hii fremuweki ni nyepesi, haina makorokoro. Ina mlango mmoja, kila ombi linaingilia kwenye faili hii hapa, halafu mimi naliandikia njia. La harusi liende huku, la ngoma huku, la msiba kule. Nipe wiki mbili tu, inshallah mtu wa mtaa wa Bombambili ataomba kibali akiwa kwake, na atakipata kabla uji wake haujapoa."

Hironimus alivuta kiti, akaketi. Alikuwa ameutumikia umma tangu enzi za taipureta, na hajawahi kuona jambo la ofisi likianza na kuonekana kabla ya chai. Lilimtia mashaka, kama ugali ulioiva kabla moto haujawashwa.

"Nyepesi," alisema. "Niende mkoani nikaseme nimesimika kitu chepesi?"

"Wepesi ndiyo sifa yake, Mkuu. Haichoshi seva."

"Seva imeajiriwa, acha ichoke. Tutaunda kamati iupe mfumo huu uzito unaostahili."

Kamati ya Kuupa Mfumo Uzito iliketi kwenye hoteli moja ya Bombambili, kwa kuwa ukumbi wa kituo ulijaa viti vibovu vilivyokuwa vikisubiri kibali cha kutupwa. Nasrin naye aliteuliwa mjumbe. Alikula kuku wa kamati kwa moyo mweupe, akaomba na pilipili.

Ajenda ya kwanza ilikuwa salamu. Iliibuliwa na Pankrasi, Msaidizi wa Mkuu, mtu ambaye hakuwahi kucheka kabla ya kuhakikisha kwamba Mkuu ameshaanza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mfumo huu haujafundwa. Unaiambia dunia hujambo. Duniani kuna wazee. Mama mkwe wangu aingie humo, mama wa watu amekula chumvi nyingi, aambiwe hujambo na mashine iliyozaliwa juzi?"

Kamati nzima iliguna kwa uchungu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Basi nitaweka shikamoo," alisema Nasrin, akinyonya mfupa. "Ni neno moja tu nabadilisha."

"Usikimbilie," Hironimus alimwonya. "Shikamoo kwa kila mtu? Mgeni rasmi wetu wa mkoani ni kijana. Ukimpa shikamoo ataona unamdhihaki. Ukimnyima ataona unamdharau."

Walijadili hadi sahani zikaondolewa. Iliazimiwa kwamba mfumo umuulize kwanza mwananchi mwaka wake wa kuzaliwa na cheo chake, ndipo umsalimie kulingana na hali. Mzee apewe shikamoo, na mfumo usubiri aitike marahaba kabla haujafungua ukurasa wa pili, kwa sababu mtu asiyeitika salamu anataka kibali cha nini.

"Na akiwa mdogo?" aliuliza Nasrin.

"Yeye ndiye auamkie mfumo."

"Mdogo kuliko nani? Mfumo una umri gani?"

Hapo palikuwa pagumu. Pankrasi alimtazama Mkuu, Mkuu akatazama dari, na kwa kauli moja kamati ikaamua kwamba mfumo utarithi umri wa Mkuu wa Kituo.

Kikao cha pili kilihusu jambo zito zaidi. Nasrin alieleza, kwa nia njema na ndiyo kosa lake kubwa, kwamba fremuweki hii inaruhusu kuweka mageti njiani. Ombi likiingia mlangoni, kabla halijafika linakokwenda, linaweza kupitishwa kwenye geti la ukaguzi.

"Mageti mangapi?" aliuliza Hironimus polepole.

"Hata moja linatosha. Ukitaka mengi, inakubali."

Hakupaswa kusema hivyo. Wakuu wa vitengo walikaa wima wote kwa pamoja. Barua yoyote iliyowahi kuandikwa kwenye kituo kile ilikuwa na mstari chini ya anwani unaosema imepita kwa fulani, kupitia kwa fulani, na mtu ambaye barua hazipitii kwake alikuwa kama mwiko wa nyumba isiyopikiwa. Afisa wa Sauti alitaka geti. Afisa wa Usafi alitaka geti. Afisa wa Maadili alitaka geti pana kidogo. Mtunza stoo, ambaye hakuwa na hoja, alitaka geti la kuona tu, bila kusema kitu, na akapewa. Kila geti liliwekewa kitufe kimoja cha kubonyezwa na mwenye geti kwenye simu yake, na kitufe hicho kiliandikwa Nimeona.

Geti la mwisho, ilikubaliwa bila mjadala, ni la Mkuu, na badiliko lolote la mageti nalo litakuwa ombi la kupita humo humo.

Hironimus hakuwa mtu wa upendeleo, na alitaka historia ijue. Alielekeza kwamba mtumishi asiruhusiwe kupitisha ombi la ndugu yake mwenyewe, na kila ombi la namna hiyo lipande kwa aliye juu yake.

"Na ombi la ndugu wa Mkuu?" aliuliza Nasrin. "Juu yako hakuna mtu kwenye mfumo."

"Lishuke kwa Msaidizi."

Pankrasi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi? Niamue jambo la Mkuu? Siwezi, hata kwa bunduki. Andika hivi, binti yangu: jambo lolote linalomhusu Mkuu, Msaidizi asilitolee uamuzi kabla halijapita kwa Mkuu."

Nasrin aliacha kutafuna. "Sasa hilo si litazunguka? Likitoka kwa Mkuu liende kwako, likitoka kwako lirudi kwa Mkuu. Wallahi litakesha barabarani."

"Lizunguke," alisema Hironimus. "Ombi langu likiwahi kufika, watasema upendeleo. Na usisahau niliyoyatangaza hadharani. Kibali cha kwanza ni cha Dorine. Geti langu lisimfungulie mwingine yeyote kabla yake. Pia mtumishi akifariki, geti lake lihamie kwa msaidizi wake papo hapo. Kazi ya umma hailali na maiti."

Ilibaki njia ya msiba. Nasrin aliuliza nani aweke geti hapo, akaona kila mtu anatazama mezani. Akauliza tena. Kumchelewesha marehemu asizikwe ni jambo linalomfuata mtu hadi kwa wajukuu wake, na hakuna mkuu wa kitengo aliyetaka jina lake litajwe kwenye matanga ya watu. Kwa hiyo msiba ukaachwa na njia nyeupe, kama Nasrin alivyouandika siku ya kwanza. Unaingia, unatoka na kibali.

Nasrin aliyaandika yote kama alivyoagizwa. Angeweza kubisha, lakini mkataba ulikuwa ukimtazama, na isitoshe kuku alikuwa mtamu.

Mfumo ulizinduliwa kwa utepe. Ombi la kwanza, la harusi ya Dorine na Leonce, liliingizwa na Hironimus mwenyewe kwa kidole kimoja, watu wakimshangilia kila herufi. Mfumo ulimsalimia kwa heshima kama rika lake. Sauti wakabonyeza Nimeona, Usafi wakabonyeza, Maadili wakabonyeza, mtunza stoo akabonyeza huku akitokwa jasho la furaha. Ombi likafika kwa Mkuu, likamkuta Mkuu ni baba wa bibi harusi, likaenda kwa Pankrasi, likamkuta Pankrasi hana ubavu, likarudi. Kioo kikatulia. Kisha yakatokea maandishi: Ukurasa huu umekuelekeza mara nyingi mno.

"Umesema nini?" aliuliza mgeni mmoja.

"Umesema shughuli inaendelea," alijibu Hironimus, na wakaenda kunywa soda.

Nyuma ya ombi la Dorine maombi ya mji mzima yalianza kujipanga. Ya mtaa wa Mshangano yakaja, ya Msamala yakaja, yakagonga geti la Mkuu na kusimama. Ilikuwa foleni nzuri, haikusukumana wala haikutukana. Watu wenyewe ndio walioanza kutukana.

Chande, muuza vyombo wa Msamala, alikuwa na harusi ya mwanawe na subira fupi. Alipochoka kupigwa danadana, aliingia upya kwenye mfumo na kuchagua msiba. Akaandika jina la babu yake, aliyefariki zamani akiwa na meno yote. Kibali kilitoka kabla hajaweka simu mezani. Chande hakuwa mchoyo wa maarifa. Kufika Ijumaa mji mzima ulishajua.

Wiki chache baadaye, takwimu zilizoletwa mezani kwa Hironimus zilikuwa za kutisha. Songea ilikuwa inateketea. Watu walikuwa wakifa kwa wingi mwishoni mwa wiki, hasa msimu huu wa harusi, na wengi walizikwa kwa matarumbeta. Babu yake Chande peke yake alikuwa amefariki kwenye harusi, kwenye kumtoa mwali na kwenye bonanza la mpira.

"Huu ni uhuni," alisema Hironimus. Alimwita Nasrin akaagiza kwamba kuanzia sasa marehemu lazima awe na namba ya kitambulisho cha taifa, awe hai kwenye kumbukumbu hadi siku anapoombewa kibali, na asife zaidi ya mara moja. Hilo halikuhitaji ombi wala kamati, kwani lilihusu msiba, na msiba hauna geti. Nasrin aliliandika akiwa amesimama.

"Na hili la Dorine, Mkuu? Harusi ni kesho. Nibadilishe mstari mmoja tu, huo mzunguko unakatika."

Hironimus alimvutia kiti. "Badilisha."

"Kamati ilisema badiliko lolote la mageti ni ombi. Lipite kwenye mfumo."

"Basi lipitishe."

"Nimeshalipitisha. Limepanga foleni nyuma ya la Dorine."

Hironimus alirudi kwake Mshangano jioni hiyo maji yakiwa yamemfika shingoni. Uani kulikuwa na masufuria makubwa yameazimwa, shangazi za Dorine wakichambua mchele na kuimba, na mtoto wake wa pekee amekaa katikati yao na hina mikononi aliyopakwa na rafiki zake wa Tunduru. Alimpenda binti huyu kuliko cheo, ingawa hajawahi kulazimika kuthibitisha. Alimwona akicheka. Kesho mgeni rasmi atakuja kuona karatasi ukutani. Kesho Beda atakuja pia.

Alimweleza mkewe, Walburga, chumbani. Walburga alimsikiliza huku akipiga pasi kitenge chake.

"Si mjaze msiba kama wenzenu," alisema.

"Msiba wa nani, Mama Dorine? Wazee wetu wote walishatangulia, na mfumo hauwapokei."

"Nani aliukataza usiwapokee?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Basi hapa nyumbani lazima mtu afe," aliendelea Walburga. "Mimi siwezi, kesho napokea wakwe kutoka Mbinga na chakula chote kiko mikononi mwangu. Dorine ni bibi harusi. Tumtafute asiye na kazi."

"Mimi nina hotuba."

"Hotuba siyo kazi, Baba Dorine. Lete kitambulisho."

Alikataa. Akasema ni kinyume cha maadili ya utumishi. Akatoka, akamwona tena Dorine akijaribu viatu vyeupe mbele ya shangazi yake, akarudi. Alilitafakari suala lile kama mtendaji. Kwa kweli halikuwa kifo kamili. Ingekuwa hatua ya kiutawala, ya mpito, kwa manufaa ya mwananchi mmoja ambaye kwa bahati ni binti yake. Viongozi wamejitolea zaidi ya hapo.

"Nitafariki Jumamosi tu," alisema. "Jumatatu saa za kazi Nasrin anirudishe."

"Lala salama," alisema Walburga, akaandika jina la mumewe na namba yake. Kibali kilitoka kabla pasi haijapoa.

Misa ilikwenda vizuri, maana kanisa halikuwa chini ya kituo. Leonce alikosea kidole akivalishwa pete, Dorine akamshika mkono, Hironimus akalia waziwazi na hakuona haya. Saa kumi wageni waliingia ukumbini. Ukutani palibandikwa kibali, kikubwa na chenye muhuri: Kibali cha Msiba, Marehemu Hironimus, Mkuu wa Kituo. Wakwe wa Mbinga, watu wenye adabu zao, walikisoma kwanza, kisha wakamfuata Hironimus mmoja mmoja, wakamshika mkono na kumpa pole.

"Asanteni," alisema Hironimus. "Ni kazi ya Mungu."

Beda alikuwa mlangoni na mgambo wake. Alikisoma kibali akifuata mistari kwa kidole, akatoa hukumu.

"Shikamoo, Mkuu. Kibali ni halali. Viti halali, turubai halali, chakula halali. Matarumbeta yapige za maziko tu."

"Beda, unaniona mimi hapa?"

"Nakuona, Mkuu. Ndiyo maana nimekuamkia."

Kwa hiyo Dorine aliingia ukumbini kwa mwendo wa maziko, hatua moja, kituo, hatua nyingine, kituo. Shangazi walijaribu kupiga vigelegele, mgambo wakawaonya kwa macho. Bibi harusi alipita akiwa amebana midomo, na Hironimus aliona wazi kwamba mtoto hacheki.

Alikuwa hajakaa sawasawa Pankrasi alipoingia na suti nyeusi na shada la maua, akiwa amefuatana na mgeni rasmi kutoka mkoani, yule kijana, aliyeshika simu mkononi na sura ya majonzi. Mfumo ulikuwa umewatumia taarifa asubuhi. Pankrasi alipomwona Hironimus alisita kidogo, kisha akaweka shada mezani mbele yake, kwa upole.

"Pankrasi, hili ni suala la kiufundi tu," alisema Hironimus chinichini. "Waambie mimi mzima."

Pankrasi alimtazama mgeni rasmi usoni kabla ya kujibu. Hironimus aliijua namna ile ya kutazama. Ilikuwa yake kwa miaka yote, na sasa ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mkuu, mimi binafsi nakuona. Lakini mimi kukuona ni jambo moja, na ofisi kukuona ni jambo lingine. Tangu asubuhi geti lako liko kwangu. Mimi ni Kaimu."

"Basi nirudishe."

"Ombi la namna hiyo halina njia kwenye mfumo. Itabidi kamati ikae."

Hironimus aliamka, akachukua kipaza sauti cha mshereheshaji ili awaeleze watu mwenyewe. Beda alimfikia kwa hatua ndefu na kukichukua, kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi kwa mkubwa.

"Samahani, Mkuu. Marehemu hahutubii."

Kicheko kilianzia kwenye meza ya Chande, ambaye alialikwa kama jirani wa Leonce. "Mkuki kwa nguruwe!" alisema mtu, na wengine wakamalizia. Hapo ndipo simu ya kwanza ilipolia. Ikafuata ya pili, kisha zote zikalia, kwenye mifuko ya makoti na kwenye pochi za akina mama, ukumbi mzima ukawa unatetema. Nasrin, aliyekaa karibu na jiko kwa sababu anazozijua mwenyewe, alitazama ya kwake.

"Alhamdulillahi! Jamani, vibali vinatoka! La Dorine limepita!" alipiga kelele. "Kaimu kalibonyeza sasa hivi. Si ndugu yake, na Mkuu wa kumrudishia hayupo. Mzunguko umekatika, foleni yote inashuka!"

Watu walisimama juu ya viti wakionyeshana simu. Mmoja alipata kibali cha kipaimara, mwingine cha mnada wa kuku alioomba tangu kuku wakiwa vifaranga. Mgeni rasmi alimpongeza Pankrasi kwa kasi ya utendaji. Pankrasi alitikisa kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyefanya kitu.

Beda alisoma simu ya Walburga neno kwa neno. "Kibali cha harusi. Halali. Muziki ruksa." Kisha akamgeukia Hironimus. "Ila kimetoka kwa kuwa Mkuu ni marehemu. Akiwa hai, kinarudi kwenye mzunguko, na mimi nafunga. Bila kujali sura, ukoo wala cheo. Kwa hiyo naomba kuelekezwa, Mkuu. Uko upande gani?"

Wapiga matarumbeta walikuwa wameshaweka midomo tayari. Hironimus aliutazama ule umati, wakwe wa Mbinga, mgeni rasmi ambaye angeweza kumsikia akisema neno moja la kujitetea, na Pankrasi aliyekuwa ameshakalia kiti cha Mkuu chenye mto. Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa kooni, limeiva.

Dorine alimfuata na gauni lake lote, akainama kwenye sikio lake.

"Dadi," alisema, "niachie leo."

Hironimus alimeza lile neno. Akaketi. Walburga alimsogelea, akaweka mkono begani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamhudumia yeye sahani kabla ya mgeni rasmi, nyama zote zikiwa upande mmoja.

"Marehemu!" alitangaza Beda, na akawafungulia njia wapiga matarumbeta.

Lakini mgeni rasmi aliinua mkono. Alikuwa kijana mwenye malezi, na taratibu ziko wazi. Kabla ya burudani kuanza, alisema, ni vyema tukasimama kwa dakika moja kumkumbuka kiongozi wetu, mwasisi wa mfumo huu. Viti vikasogea. Watu wote wakasimama, na Hironimus naye akaweka sahani chini, akasimama, akainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Dakika yenyewe haikufika hata nusu. Watu walikuwa na haraka ya kucheza.